Kitovu cha tetemeko: maswali kutoka Kigoma

Redioni husema kitovu cha tetemeko kilikuwa Ziwa Tanganyika. Je, ardhi ilipasukia hapo hapo? (Msomaji, Kibirizi)

Hapana. Miamba huvunjika chini sana, mahali panapoitwa kiini. Kitovu ni sehemu ya uso wa ardhi iliyo juu wima ya kiini hicho. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa na kiini kilomita 40 hivi chini ya ardhi, kwa hiyo ukitajiwa kitovu, uliza na kina.

Basi walio kitovuni ndio wanaoumia zaidi? (Mwanga)

Si lazima. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, ukubwa wa 6.8, lilitikisa bonde zima la ziwa letu, lakini nyumba zilianguka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, makumi ya kilomita kutoka kitovuni. Udongo laini hutikisika kuliko mwamba, na ukuta wa tofali zilizoshikwa kwa tope hauhimili.

Mwalimu amenikata alama kwa kuandika "Ujiji ni kitovu cha biashara ya dagaa". Nilikosea? (Ujiji)

Hukukosea. Neno hili lilikuwa la mwili kabla ya kuwa la wanajiolojia, na wazee wetu bado husema kwao ni pale kitovu chao kilipozikwa. Biashara, siasa, muziki, vyote vina vitovu.

Ninachoomba ni uangalifu kwenye magonjwa. Mei 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi wa Burundi waliofurika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima. Kukiita kitovu cha mlipuko ilikuwa sahihi, maana wagonjwa walijaa pale. Lakini wengi husikia "chanzo", na lawama zinawaangukia wenyeji waliopokea wageni. Pale penye wagonjwa wengi andika kitovu. Chanzo kiandike baada ya kuthibitishwa.

Wataalamu hukijuaje kitovu kama hawakuwepo? (Kasulu)

Tetemeko hutoa mawimbi ya kasi mbili. Kadiri wimbi la pili linavyochelewa nyuma ya la kwanza kufika kwenye kituo cha kupimia, ndivyo kituo hicho kilivyo mbali na tetemeko. Vituo vitatu vikichora kwenye ramani kila kimoja duara la umbali wake, duara hizo zinapokutana ndipo kitovu.

Baada ya tetemeko kubwa, turudi ndani lini? (Gungu)

Mitetemo mingine hufuata, hata kwa wiki kadhaa. Ukuta ukiwa na ufa mpya, laleni nje mpaka fundi aukague.