Bafu la Vigae Linavuja: Maswali Yenu

Dari iliyo chini ya bafu letu ina doa la maji. Nimepaka silikoni kila mahali, lakini doa linazidi kukua. Nifanyeje?

Acha kupaka kwanza, utafute maji yanapopita. Kaeni siku mbili tatu bila kuoga humo. Doa likibaki bichi, shuku bomba la maji safi, maana hilo lina presha usiku na mchana. Funga mabomba yote ya nyumba utazame mita; ikizunguka, yako maji yanayopotea.

Doa likikauka, ijaribu sakafu. Ziba tundu la kutolea maji, jaza maji yenye kina cha sentimita 2 au 3 bila kuvuka kizingiti, piga alama ya penseli, ungoje hadi saa 24 huku ukiikagua dari. Dari ikilowa tu, fungulia maji usisubiri zaidi: sakafu ndiyo inayopitisha, au kiungo cha tundu lenyewe. Ikibaki kavu, fungulia maji hayo yashuke. Matone yakianza hapo, mwenye kosa ni bomba la maji machafu. Bado kavu? Elekeza shawa ukutani, ukuta mmoja mmoja, kisha pale bomba linapotokea kwenye kigae. Tundu hilo husahauliwa sana, na mara nyingi limefunikwa na kikombe cha chuma tu, nyuma yake wazi.

Kwani grauti, ule mchanganyiko unaojaza mianya kati ya vigae, haizuii maji?

Grauti ya saruji hunyonya. Idondoshee tone moja ikiwa kavu: utaiona ikibadilika rangi mbele ya macho yako. Kinachozuia maji ni utando uliopakwa chini ya vigae kabla havijabandikwa. Utando ukichanika au kama haukuwekwa kabisa, lolote utakalopaka juu litakupa miezi michache. Inaniuma kuona mtu akinunua dawa ya kuziba mara tatu, nne, wakati sakafu inahitaji kufumuliwa. Mwambie fundi akuoneshe utando kwa macho kabla hajaweka kigae cha kwanza.

Silikoni ya kwenye kona inabanduka kila baada ya wiki chache.

Silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Kwangua yote kwa wembe, hata ule utelezi mwembamba usioonekana ila kwa kidole. Futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Usiku mzima si mwingi. Paka mkupuo mmoja, lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, msioge humo kwa saa 24. Na kama kona ina grauti, itoe: kuta mbili husogea kila moja kivyake, grauti haivutiki, kwa hiyo lazima ipasuke.

Naweza kubandika vigae vipya juu ya vya zamani ili kuziba?

Hapana. Maji yataendelea kupita chini yake, ila sasa hutayaona.

Kigae kimoja kinatoa mlio wa uwazi nikikigonga.

Kimeachia gundi. Kiinue, uangalie chini yake: pakiwa na unyevu na harufu ya uvundo, rudi kwenye jaribio la sakafu.