Chemshabongo Kwenye Simu: Mmeuliza, Tunajibu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kitu kimoja: kutegana mafumbo ya hesabu na ya maneno na marafiki kwenye simu. Nyingine ni ugomvi mtupu unaotafuta hakimu. Tumeanza na zile zinazoulizwa zaidi.

Tuko kumi na mmoja kwenye grupu la WhatsApp, wote tulisoma pamoja. Kila Ijumaa jioni mmoja anatega fumbo. Kuna jamaa anajibu kabla hata wengine hawajamaliza kusoma, basi mchezo unaishia hapo. Tumtoe? – Msomaji, Ntinda, Kampala

Msimtoe, badilisheni utaratibu. Jibu likishaonekana kwenye grupu, wengine huacha kutafuta, na wengi hulifuata hata kama ni kosa. Jaribuni hili: rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) na soda kwa pamoja ni shilingi 3,000, na rolex inazidi soda kwa shilingi 2,000. Soda ni bei gani? Mwenye haraka ataandika 1,000, na watatu nyuma yake watabandika dole gumba. Lakini soda ikiwa 1,000, rolex ni 2,000, na tofauti yake ni 1,000 tu. Soda ni 500, rolex 2,500.

Kwa hiyo mtegaji atume fumbo pamoja na saa ya kufunga. Fumbo jepesi lipewe dakika kumi, zito lipewe hadi kesho yake jioni. Majibu yaende kwake inboksi, kila moja na njia yake ya mistari miwili mitatu. Saa ikifika, ayabandike yote kwenye grupu kwa mpangilio yalivyoingia, yaliyokosea yakiwemo, maana hapo ndipo mjadala unaponoga. Jibu lisilo na njia sisi tungelipa nusu ya alama. Hiyo pia inawapunguza wanaokimbilia Google, kwa sababu anayenakili mara nyingi hawezi kueleza mstari wa pili ulitoka wapi.

Angalieni mambo mawili ya WhatsApp. Ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 baada ya kutumwa, kwa hiyo jibu lenye alama ya kuhaririwa lisihesabiwe ikiwa lilibadilishwa baada ya saa ya kufunga. Na kura za WhatsApp hazifai kwa mashindano, kwa kuwa mtu anaweza kubadilisha chaguo lake akiona upepo unavuma upande gani. Telegram ina kura ya aina ya kwiz: unaweka jibu moja sahihi, mtu akishagusa hawezi kurudi nyuma, na unaweza kuambatanisha maelezo mafupi yanayotokea baada ya kujibu. Pia ina uwezo wa kufunika maandishi mpaka msomaji ayaguse, jambo linalowafaa wanaochelewa kuingia mtandaoni.

Tulitunga fumbo la herufi: TATU + TATU = SITA. Kila herufi ni tarakimu moja, herufi tofauti ni tarakimu tofauti, na hakuna namba inayoanza na sifuri. Tumehangaika nalo usiku kucha. Tupeni jibu. – Walimu wawili, Mbale

Halina jibu, walimu wetu. Tazameni safu ya makumi. Pale T + T, pamoja na kilichobebwa kutoka mamoja (ambacho ni 0 au 1), lazima iishie na T ileile. Kama hakuna kilichobebwa, tarakimu pekee ambayo ukiijumlisha na yenyewe inajirudia ni 0. Kama imebebwa 1, ni 9 tu: 9 + 9 + 1 = 19. Basi T ni 0 au 9. Haiwezi kuwa 0 kwa sababu TATU inaanza nayo. Ikiwa 9, TATU inazidi 9,000 na mara mbili yake inazidi 18,000, namba ya tarakimu tano, wakati SITA ina nne. Safu moja tu imetosha kulizika fumbo zima.

Hili ndilo kosa linalowapata watungaji wengi: maneno yanapendeza, hesabu ya kawaida ni kweli, basi fumbo linatumwa kabla mtungaji hajalifumbua mwenyewe.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni majibu kuwa mengi. Chukueni SABA + MOJA = NANE. Linafumbuka, kwa mfano 1424 + 6054 = 7478. Lakini hata 6424 + 1054 = 7478 ni sawa. S na M zinatokea mara moja tu, zote kwenye safu ya maelfu, kwa hiyo mkizibadilishana hakuna kinachoharibika. B na J nazo ni hivyohivyo kwenye makumi. Kila jibu moja linazaa mengine matatu papo hapo, na grupu litakesha likibishana nani kapata.

Dawa ni kubadilisha swali bila kugusa maneno. Ulizeni: NANE kubwa kabisa inayowezekana ni ipi? Hapo jibu ni moja. Safu ya mamia inasema A + O inarudisha A, kwa hiyo O ni 0, au ni 9 ikiwa imebebwa 1. Tunataka N iwe 9, basi O ni 0 na safu ya makumi haibebi kitu. A haiwezi kuwa 9 tena, jaribuni 8: 8 + 8 = 16, E ni 6, tunabeba 1. Kwenye makumi B + J + 1 = 9, yaani B na J zinafanya 8. Kwenye maelfu S na M zinafanya 9. Tarakimu zilizobaki ni 1, 2, 3, 4, 5 na 7. B na J zikiwa 1 na 7, S na M ni 4 na 5. Zikiwa 3 na 5, basi ni 2 na 7. Kwa vyovyote NANE ni 9896. Hakikisheni: 4818 + 5078 = 9896.

Mwenye kompyuta anaweza kuandika programu fupi ya kujaribu kila mpangilio kabla ya kutuma. Herufi nane katika tarakimu kumi zina mipangilio 1,814,400, kazi ndogo kwa mashine.

Mkiandika safu kwenye WhatsApp, zifungieni kati ya alama tatu za ``` mwanzoni na mwishoni, herufi zitakaa sawasawa moja chini ya nyingine. Na kuzidisha andikeni ×, si nyota (*). Nyota mbili zikikaa vibaya, simu inadhani unataka herufi nene na nyota zenyewe zinapotea.

Marafiki watatu walilala loji mjini Gulu, wakalipa 30,000, kila mmoja 10,000. Meneja akakumbuka chumba ni 25,000, akampa mhudumu 5,000 awarudishie. Mhudumu akampa kila mmoja 1,000, akaficha 2,000. Sasa kila mmoja kalipa 9,000, jumla 27,000, ongeza 2,000 za mhudumu ni 29,000. Elfu moja iko wapi? Shemeji yangu anasisitiza imepotea. – Msomaji, Masaka

Mwambie shemeji haijapotea, imejumlishwa visivyo. Zile 27,000 tayari zina 2,000 za mhudumu ndani yake: 25,000 kwa meneja na 2,000 mfukoni mwa mhudumu. Ukiziongeza tena umezihesabu mara mbili. Kinachofaa kuongezwa kwenye 27,000 ni 3,000 zilizorudi kwa wageni, na hapo unapata 30,000.

Akikataa bado, badilisha tarakimu. Tuseme chumba ni 20,000. Zinarudi 10,000, kila mgeni anapewa 3,000, mhudumu anabaki na 1,000. Kila mgeni kalipa 7,000, jumla 21,000. Kwa hesabu ya shemeji ongeza 1,000, unapata 22,000. Atuambie kama kweli zimepotea 8,000. Fumbo linamnasa mtu kwa sababu 29 iko karibu na 30. Ikiwa mbali, mtego unaonekana. Mbinu hii ya kubadilisha tarakimu ifanyeni mazoea kila fumbo linapodai kuna kitu kimetoweka.

8 ÷ 2(2 + 2) ni 16 au 1? – Wengi

Imeandikwa vibaya. Anayekwenda kushoto kwenda kulia anapata 16. Anayeona 2(2 + 2) kama kitu kimoja kilichoshikana anapata 1. Mtungaji makini huongeza mabano: (8 ÷ 2) × (2 + 2), au 8 ÷ (2 × (2 + 2)). Fumbo ambalo ugumu wake uko kwenye mwandiko halistahili bando lenu.

Ila kuna kosa la kweli linalojitokeza kwenye mabishano haya. BODMAS, ile kanuni ya kipi kinafanywa kwanza kwenye hesabu, haisemi kugawanya kunatangulia kuzidisha, wala kujumlisha kunatangulia kutoa. Kila jozi ina ngazi moja, na mnakwenda kushoto kwenda kulia. 10 − 3 + 2 ni 9. Anayepata 5 amejumlisha kwanza.

Sisi ni wapenzi wa maneno zaidi ya hesabu. Tunafanya mchezo wa kubadilisha herufi moja moja, na fumbo la maneno la miraba. Tunagombana kuhusu hatua, kuhusu kamusi, na kuhusu ng'. – Kikundi cha akina mama, Busia

Tuanze na hatua. Kutoka PAKA hadi KAZI, mmoja wenu alileta paka, pata, kata, kaza, kazi: hatua nne, zote halali. Lakini iko njia ya hatua tatu: paka, kaka, kaza, kazi. Na chini ya tatu haiwezekani, kwa sababu PAKA na KAZI zinatofautiana kwenye nafasi tatu na kila hatua inagusa nafasi moja. Hesabuni nafasi zinazotofautiana kwanza, hiyo ndiyo sakafu. Anayeifikia ameshinda na hakuna haja ya kuendelea kubishana. Kwa anayeanza, mpeni LIMA hadi PIKA, apite kwenye pima.

Kamusi: chagueni moja kabla ya kuanza, na mkubaliane kwamba vitenzi vinahesabiwa kama vilivyo kwenye kamusi, bila ku-. Bila hilo, kaza itakataliwa na mchezo utakufa. Majina ya watu na miji yasiingie.

Herufi: kwenye miraba, kila herufi na mraba wake. CHAI ni miraba minne. Ng' isiwape shida, ile alama (') isipewe mraba; NG'OMBE ni sita.

Kutunga miraba ya Kiswahili kuna utamu na hatari yake. Maneno yetu mengi yanaishia na irabu, kwa hiyo kuyapitisha moja juu ya jingine ni rahisi mno. Hatari ni nafasi kama _A_A: baba, dada, kaka, mama, paka, saba, taka, zote zinaingia. Kama herufi ya kwanza na ya tatu hazikatwi na neno jingine, kidokezo chako lazima kiwe na jibu moja tu. "Ndugu" hakitoshi, "ndugu wa kiume, mkubwa" kinatosha.

Mkitaka mchezo mwepesi wa kuanzia jioni, tumeni herufi A, I, L, M na dakika tano. Yanapatikana imla, lami, lima, mali na mila. Kisha ulizeni neno gani linatokana na KISU bila kuongeza herufi. Ni siku, au kusi.

Bando langu ni dogo. Nitashirikije? – Msomaji, Adjumani

Omba grupu liandike mafumbo badala ya kuyapiga picha. Maandishi yanakula kidogo sana. Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe kwenye mipangilio ya WhatsApp. Mkipigiana simu humohumo, washa ile sehemu ya kutumia data kidogo. Wanaotaka kuhamia Facebook wakumbushe kwamba ilifungwa hapa Uganda Januari 2021, na kupita kwa VPN (programu ya kukwepa kizuizi) kunakula bando zaidi.

Dereva alikwenda Jinja kutoka Kampala kwa kilomita 40 kwa saa akarudi kwa 80. Wastani si 60? – Msomaji, Mukono

Si 60. Njia ni takribani kilomita 80. Kwenda saa mbili, kurudi saa moja: kilomita 160 kwa saa tatu, kama 53.3 kwa saa. Mwendo wa pole ulichukua muda mrefu zaidi, basi una uzito zaidi.

Ukishalielewa hilo, litegee grupu hili: amekwenda kwa 40, arudi kwa mwendo gani ili wastani wa safari nzima uwe 80? Watu watakuandikia 120. Jibu ni kwamba haiwezekani. Kilomita 160 kwa wastani wa 80 zinahitaji saa mbili, na saa mbili zote alishazimaliza akifika Jinja.

Nilitega "Nyumba yangu haina mlango." Nilitaka yai, mpwa wangu akasema kaburi. Nimpe? – Shangazi, Hoima

Mpe, shangazi, kama hamkukubaliana mapema kwamba jibu la mapokeo ndilo pekee. Kwenye mchezo wa alama, tungeni sheria kwamba jibu jingine linapokelewa likitimiza kila neno la kitendawili, na mtegaji anaweza kuongeza kidokezo kimoja tu.

Na ule utaratibu wa kudai mji unafaa sana kwenye simu. Aliyeshindwa asiandike "sijui", atoe mji: Mbarara, Lira, Kasese. Mtegaji akiupokea na kuutembelea kwa maneno mawili matatu ndipo anafumbua, na wale ambao bado wanafikiri wanapata dakika moja zaidi. Kwenu ambako watoto wamezoea "koyi koyi" na "lya" (mwito wa kitendawili na kiitikio chake kwa Kiganda), anzeni hivyohivyo, kisha endeleeni kwa Kiswahili.