Wapenzi wa Python tuwaiteje? Kura yangu ni Wanapython

Mkuu, umeuliza kikundi chenu cha wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kijiite Pythonista, Wapython au Wanapython. Nimekaa kwenye vikundi vya namna hii hapa Dar kwa muda, na kura yangu inaenda kwa Wanapython.

Majina mengi wanayojiita wenzetu wa lugha nyingine za programu ni utani wa ndani. Watu wa Rust ni Rustacean, wamelichezea neno la Kiingereza "crustacean", yaani jamii ya kaa na kamba, ndiyo maana kipenzi chao ni kaa wa rangi ya chungwa anayeitwa Ferris. Wa Go ni Gopher, yule mnyama wa buluu aliyechorwa na Renée French. Walionivunja mbavu ni wa Perl: tangu 1997 kule New York wapo Perl Mongers, yaani wachuuzi wa Perl, na vikundi vyao vya mijini huishia na .pm, herufi zilezile zinazomalizia majina ya mafaili ya moduli za Perl. Aliye ndani anacheka, wa nje anabaki kukodoa macho.

Kwetu alikuwepo dada mmoja mhasibu. Python yake ni ya kusafisha mafaili ya Excel ya ofisini, basi, ila pandas, maktaba ya Python ya kuchakata majedwali ya data, anaijua kuliko wengi wetu. Tulipoanza kuitana Pythonista, jina linalosikika kama la mabingwa, kila akijitambulisha anasema, "Mimi siyo Pythonista jamani, natumia tu." Siku moja likaja swali la kuunganisha majedwali mawili yenye tarehe zilizoandikwa tofauti, kazi anayoifanya kila mwisho wa mwezi, akanyamaza, akajibu kijana aliyekuwa anabahatisha. Baadaye tukahamia Wanapython, na yule dada ndiye anayefundisha somo la majedwali sasa. Mwana- haina masharti: mtu ni mwanakwaya hata kama sauti yake ya kuungaunga.

Wapython silipendi. Linasikika kama kabila, utaulizwa mnatokea mkoa gani.

Kama mna mpango wa fulana, angalieni kwanza. Gopher yuko chini ya leseni ya Creative Commons, unamchapa mradi umtaje mchoraji. Ile nembo ya nyoka wawili ya Python ni alama ya biashara ya Python Software Foundation, kwa hiyo someni masharti yao kabla hamjachapa za kuuza.

Pythonista nalo halifi. Mkienda kwenye makongamano kama ile DjangoCon Africa ya watu wa Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, iliyofanyika Zanzibar 2023, mtaitwa hivyo na mtaitika. Ila kwenye bango lenu wekeni Wanapython na jina la mji. Na wa lugha ya PHP wakija kuchungulia wapeni viti, hao kuandika tovuti wanajua, Django hawataisumbukia sana.