Simu imejaa? Usianze na picha

Ujumbe wa kwamba nafasi inakaribia kwisha ukitokea, wengi hukimbilia picha. Mtu anakaa nusu saa akichagua ipi ibaki na ipi iende, anafuta 200, na kesho yake simu inaimba wimbo uleule. Hesabu yenyewe iko wazi: picha ya kawaida ya simu ina MB 3 hadi 5, kwa hiyo hizo 200 zote ni GB 1 kwa wingi. Video ya 4K ya dakika 10, fremu 30 kwa sekunde, inakula takriban GB 1.7 ikiwa imebanwa kwa HEVC, mbinu mpya ya kubana video, na zaidi ya GB 3 ikiwa ni H.264, mbinu ya zamani. Video mbili za sherehe zinaweza kuwa nzito kuliko albamu nzima.

Kwa hiyo tazama kwanza, futa baadaye. Kwenye Android fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Hifadhi, subiri simu imalize kuhesabu, kisha fungua orodha ya programu na uipange kwa ukubwa. (Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini sehemu hiyo ipo kote.) Mara nyingi programu tatu au nne za juu ndizo zilizobeba mzigo, na zilizobaki zote hazikusaidii kitu hata ukiziondoa.

Kwa watu wengi mmoja wa vinara ni WhatsApp. Ndani yake nenda Mipangilio, Hifadhi na data, kisha Dhibiti hifadhi. Utaona fungu la vitu vilivyozidi MB 5, fungu la vilivyosambazwa mara nyingi, na chini yake orodha ya mazungumzo kuanzia lililo zito zaidi. Hayo yaliyosambazwa mara nyingi ndiyo yale mawaidha na vichekesho vya kwenye makundi. Yafute bila huruma. Ya MB 5 na zaidi yapitie kwa macho, maana humo huwa kuna nyaraka za watu na video za watoto.

Halafu kuna mahali ambapo wengi hawafiki. Fungua programu ya mafaili, ingia hifadhi ya ndani, kisha folda hizi kwa mfuatano: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Video. Humo kuna folda ndogo inayoitwa Sent. Kila video unayomtumia mtu inaacha nakala yake pale, ilhali ile uliyoipiga mwenyewe bado iko kwenye folda ya kamera. Haionekani kwenye galari, kwa sababu folda hiyo imefichwa makusudi ili usione kila kitu mara mbili. Hakikisha tu video asilia unayo, kisha futa. Utakachopoteza ni kwamba ile video haitafunguka tena ukiibonyeza ndani ya mazungumzo. Fanya vivyo hivyo kwenye Sent ya WhatsApp Images, japo faida yake ni ndogo.

Ukimaliza, ziba tundu: humohumo kwenye Hifadhi na data, ondoa alama kwenye upakuaji wa video wa kujiendesha, kwa data ya simu na kwa Wi-Fi pia. Bila hatua hii utarudi palepale baada ya wiki chache. Telegram ni rahisi zaidi, kwani mafaili ya mazungumzo ya kawaida (si yale ya siri) yako kwenye seva zake; ukifuta akiba yake (cache), chochote cha humo unachokihitaji utakipakua upya.

Hapo kwenye neno "akiba" ndipo watu wanapoumia. Ukigusa programu yoyote kwenye ile orodha ya hifadhi, utakutana na vitufe viwili vilivyokaa jirani: kimoja kinafuta akiba, kingine kinafuta data. Akiba ni vipande ambavyo programu imejiwekea ili isivipakue tena; ukivifuta hakiharibiki kitu, ila programu itafunguka polepole mara ya kwanza. Data ni maisha yenyewe ya programu: akaunti, mipangilio, na kwa programu za ujumbe, mazungumzo. Ukifuta data ya WhatsApp bila bekapu, mazungumzo yamekwenda. Tena akiba hujijaza upya unapoendelea kutumia programu, kwa hiyo kuifuta kila siku ni kuchota maji kwa pakacha. Ifute pale programu moja inapoonyesha akiba ya GB nzima au zaidi.

Umefuta na nafasi haijaongezeka? Angalia tupio. Picha iliyofutwa kwenye Google Photos hukaa tupioni siku 60 ikiwa ilikuwa na bekapu, siku 30 kama haikuwa nayo. iPhone nayo huziweka picha siku 30 kwenye albamu ya zilizofutwa karibuni. Programu ya mafaili ya Google ina tupio lake pia. Muda wote huo nafasi bado imeshikwa, mpaka ulimwage tupio kwa mkono.

Kosa baya kuliko yote liko kwenye Google Photos. Mtu akiwasha bekapu huamini kwamba picha sasa ziko salama mtandaoni, basi anazifuta kwenye simu kupitia programu ileile. Kumbe kufuta hapo kunaondoa nakala zote mbili, ya simu na ya mtandaoni. Njia sahihi ni kugusa picha ya akaunti yako juu kulia, kisha kuchagua kuongeza nafasi kwenye kifaa. Hiyo huondoa za kwenye simu tu, na zile tu ambazo bekapu yake imekamilika. Kumbuka pia kwamba GB 15 za bure za Google zinagawanwa na Gmail, Drive na Photos, na siku hizi bekapu ya WhatsApp ya Android inahesabiwa humohumo.

Memori kadi inasaidia kwa picha, video na muziki. Ukiulizwa kama uifomati iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, fikiri mara mbili: itafungwa kwa usimbaji wa simu hiyo moja, na simu ikifa, kadi haisomeki kwingine. Na kadi ya GB 512 inayouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi ni ya GB chache iliyodanganywa namba. Itapokea mafaili vizuri mpaka ujazo wake wa kweli uishe, kisha yanayofuata yanaharibika kimyakimya. Ijaribu kabla ya kuiamini, kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Zote huijaza kadi hadi ukingoni na kuisoma tena.

Acha wazi asilimia 10 hadi 15 ya hifadhi. Chipu za simu haziandiki juu ya data ya zamani moja kwa moja; lazima kwanza zifute kipande kizima. Nafasi ikibana, simu inakuwa inahamisha data huku na huku ili ipate pa kuandikia, ndiyo maana simu iliyojaa hukwama hata ukiandika ujumbe mfupi tu. Zile programu zinazojitangaza kuwa "wasafishaji" hazitibu hilo. Zinafuta akiba ambayo ungeifuta mwenyewe, zinakupa matangazo, na zenyewe zinakaa kwenye nafasi hiyohiyo.

Kompyuta ya Windows inafuata mantiki ileile: Mipangilio, Mfumo, Hifadhi, kisha mafaili ya muda. Ukikuta toleo la awali la Windows, liache kama umesasisha juzi tu, maana ndilo linalokuwezesha kurudi nyuma; baada ya siku 10 mfumo utaliondoa wenyewe. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kuondoa, kagua alama zilizowekwa: kwenye orodha hiyo ya mafaili ya muda imo pia folda ya Downloads, na humo ndimo wengi walimoweka vyeti vyao.