Bastola ya kwanza: ndogo au kubwa?

Umeuliza kama uanze na bastola ndogo ya mfukoni kwa kuwa mikono yako ni midogo. Mimi nakushauri usifanye hivyo. Bastola nyepesi inapiga teke zaidi risasi ikitoka, na mpini mfupi unaacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani. Mtu anayejifunza huishia kuogopa mlio na kufumba macho kabla ya kufyatua. Chukua ya ukubwa wa kati, inayotumia risasi za kipenyo cha milimita 9, mfano Glock 19 inayobeba risasi 15. Risasi zake hupatikana kirahisi na teke lake linavumilika.

Kabla ya kununua, ishike ikiwa tupu, na uhakikishe mwenyewe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, haina kitu. Ncha ya kidole ifike kwenye kifyatulio bila kupindisha kiganja. Kisha vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, nyuma mara kumi. Ikikushinda, jaribu nyingine, kwa sababu risasi ikikwama utalazimika kuvuta slaidi haraka.

Kibali kwanza, bila shaka. Na tafadhali, tenga pesa ya kasha la kufuli na mafunzo kabla hujachagua bastola yenyewe.