Maswali na majibu: Matangazo ya meli, boti na mizigo

Nimeona mtandaoni tangazo la kazi kwenye meli ya kitalii, "uzoefu hauhitajiki". Wakala anataka shilingi 350,000 za usajili kabla ya Ijumaa. Nilipe? (Msomaji, Tanga)

Usilipe. Swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi, na vijana bado wanauza simu na mbuzi za wazazi wao. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, yaani MLC, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Juu yako ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha afya. Hata viza hulipiwa na mwenye meli.

Hebu litazame tena tangazo lenyewe. Meli nyeupe ya maghorofa, bwawa la kuogelea, na chini kabisa namba ya kutuma pesa iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Meli haina jina, mwajiri hatajwi. Kampuni makini ingekuuliza cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama kabla ya kukuuliza lolote. Ulizia leseni ya wakala huyo TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Walio Zanzibar waende ZMA, na wa Mombasa KMA, mamlaka za usafiri wa baharini za huko. Na ukishatapeliwa, ripoti polisi. Aibu yako ndiyo mtaji wao.

Gari limetangazwa dola 4,200 CIF Dar. Nikiwa nazo nalichukua? (Dodoma)

Hapana! CIF ni gari, bima na nauli ya meli mpaka bandarini, basi. Bado ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ule wa uchakavu kama gari ni kuukuu, VAT, tozo za bandari na wakala wa kulitoa. Tumia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutuma hata senti. Na ukiona C&F, yaani gari na nauli tu, bima haimo.

Boti ipi inawahi zaidi Unguja?

Anza na swali la boti ipi inakataa abiria ikijaa. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake kwa mbali. Julai 2012 ikafuata MV Skagit, karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Mabango ya boti yanasifia kasi na viti vya VIP. Idadi ya abiria wanaoruhusiwa siioni, na ingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kama za nauli.

Mbona unawaandama? Kazi ya tangazo ni kuuza. (Mombasa)

Auze, lakini aseme yote. Tarehe 1 Mei 1915 magazeti ya New York yalibeba tangazo la kampuni ya Cunard la safari ya meli yake Lusitania pamoja na onyo la ubalozi wa Ujerumani kwamba meli za Uingereza zitashambuliwa. Siku 6 baadaye ilipigwa torpedo, wakafa watu karibu 1,200. Onyo lilitoka kwa adui. Mwenye meli alitangaza safari tu.

Nakusanya mizigo ya wafanyabiashara Guangzhou kuja Kariakoo. Nitangazeje?

Acha "haraka na nafuu", kila mtu anaandika hivyo. Andika siku ya mwisho ya kupokea mzigo ghalani, siku kontena linapofungwa, na bei kwa CBM (mita ya ujazo) ukitaja kama ushuru umo au haumo. Meli ikichelewa, watangazie wateja siku hiyo hiyo, kwenye ukurasa ule ule ulioombea mzigo wao.