"Nilikopa tu kwenye droo": maswali yenu kuhusu wizi, dhiki na mahakama

SWALI: Mimi ni keshia katika duka la jumla hapa Mombasa. Tajiri hajanilipa miezi miwili, na kila nikimwuliza ananiambia ningoje. Mtoto wangu alipolazwa nilichukua shilingi 18,500 kwenye droo nikijua nitazirudisha. Hesabu ilipokosa kulingana nilikiri. Sasa ameniandikia karatasi ya kukubali deni la 60,000, na ananiambia nisipotia sahihi atanipeleka kituoni. Je, mimi ni mwizi? Nitie sahihi? (Mama Watatu, Kisauni)

JIBU: Pole sana, dada, kwa ugonjwa wa mtoto na kwa haya yaliyofuata. Tuanze na lililo zito. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaeleza nia ya wizi kwa namna kadhaa, na mojawapo imeandikwa kwa ajili ya pesa hasa: ukizichukua ili uzitumie upendavyo, ni wizi hata kama ulikusudia kuzilipa baadaye. Baiskeli ukiichukua asubuhi na kuirudisha jioni, ni ile ile. Noti ulizolipa hospitalini hazirudi. Zitarudi nyingine, zikirudi, na kwa muda wote huo aliyebebeshwa hatari ni mwenye duka, ambaye hakuulizwa. Wasomaji wa Tanzania watayakuta maneno kama hayo katika kifungu cha 258 cha sheria yao. Wizi wa kawaida kwetu una kifungo cha hadi miaka 3. Wizi wa mwajiriwa kwa mwajiri wake, chini ya kifungu cha 281, unafika miaka 7, kwa kuwa aliyekabidhiwa funguo anatarajiwa zaidi ya mpita njia.

Umetaja mishahara unayodai, na hilo ni jambo kubwa. Kifungu cha 8 kinamwondolea hatia aliyechukua mali akiamini kwa dhati kwamba ana haki nayo, bila nia ya kulaghai. Mahakama itakuuliza: siku ile ulipofungua droo, uliamini unachukua mshahara wako, au ulijua unachukua pesa za duka? Barua yako inasema "nitazirudisha", na anayechukua chake hana cha kurudisha. Ndiyo maana tunakusihi umweleze wakili ukweli ulivyokuwa, usijitungie dai hili baada ya tukio. Utetezi huu huwasimamia waliochukua waziwazi: walioandika kwenye daftari la makabidhiano "nimetoa kiasi hiki katika mshahara wangu" au waliomtumia tajiri ujumbe siku ile ile. Huwaangusha waliorekebisha hesabu ili pengo lisionekane, tena kughushi hesabu za mwajiri ni kosa jingine linalosimama peke yake.

Hata utetezi huo usiposimama, mishahara hiyo bado ina uzito. Tajiri anayezuia jasho la mtu miezi miwili naye anavunja Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Jambo hili si geni katika historia ya hukumu. Imepokewa kwamba watumwa wa mtu aitwaye Hatib walimwiba na kumchinja ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna. Khalifa Umar alikwisha kuamuru wakatwe mikono, kisha akazuia amri yake, akamwambia bwana wao kwamba anaona huwa anawashindisha na njaa. Ngamia alikuwa wa dirhamu 400. Bwana akatozwa 800. Aliyeibiwa alipata haki yake, na mzigo ukamwendea aliyeisababisha njaa. Hakimu wa Mombasa hawezi kumhamishia tajiri wako adhabu kwa mtindo huo, lakini anaweza kuyapima mazingira anapopanga hukumu yako, mradi umemletea ushahidi: mkataba, taarifa za benki au za M-Pesa zinazoonyesha miezi isiyolipwa, ujumbe ulioandika ukidai, na risiti ya hospitali yenye tarehe.

Karatasi ya 60,000 usiitie sahihi. Omba kwa maandishi hesabu ya kila siku iliyopungua: karatasi za mashine ya kaunta, daftari la makabidhiano ya zamu, na nani mwingine alishika droo. Keshia wengi hukubali deni lililokusanya mapengo ya mwaka mzima, pamoja na ya wenzao, kwa kuwa waliogopa neno "polisi". Ulichochukua kirudishe mapema kadiri uwezavyo, kupitia benki au M-Pesa, na katika barua fupi utaje kiasi na tarehe. Usilipe taslimu bila risiti. Kurudisha hakufuti kosa, ila kunapunguza sana uzito wake mbele ya hakimu. Na tajiri ajue hili: kupokea malipo kwa makubaliano kwamba atalificha kosa kubwa la jinai ni kosa kwake pia. Anayo haki ya kudai chake, na anayo haki ya kupiga ripoti. Hana haki ya kuuza ukimya.

Kuhusu kazi yenyewe, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka tajiri akueleze tuhuma kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, na akusikilize kabla ya kukufuta. Hata akikufuta papo hapo kwa sababu halali, siku ulizofanya kazi lazima zilipwe hadi ile ya mwisho. Makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Ukikataliwa, anza na afisa wa leba. Mahakama ya Ajira unaweza kuiendea ndani ya miaka 3, ingawa daftari na ujumbe wa simu huwa havingoji muda wote huo.

SWALI: Mtoto wa dada yangu, miaka 19, amekamatwa supamaketi hapa Nakuru na pakiti mbili za unga na lita moja ya mafuta. Nyumbani walikuwa hawajala tangu jana yake. Watu wanamwambia akubali kosa yaishe. Je, njaa si utetezi? (Mjomba, Nakuru)

JIBU: Mahakama ya juu ya Italia mwaka 2016 ilimwachilia mtu asiye na makao aliyechukua jibini na soseji za thamani ya yuro 4.07, ikisema alichukua kidogo kukidhi hitaji la lazima la chakula. Kenya ilirithi mkondo wa Uingereza, ambako Jaji Denning, katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1971, alikataa kuufungua mlango huo, akihofia kwamba kila mvunja sheria angepitia hapo. Kanuni yetu ya Adhabu haina kifungu kinachomwachilia mtu kwa sababu ya njaa. Njaa husikilizwa baadaye, katika kupanga adhabu, na wengi huikosa nafasi hiyo kwa kutojua inafika lini.

Mambo huenda hivi. Afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa muda huo umeishia wikendi. Kituoni, bondi ya polisi hailipiwi chochote. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti, na risiti hiyo itunzeni kama noti. Kortini atasomewa shtaka kwa lugha anayoielewa. Akikubali, kiongozi wa mashtaka atasoma maelezo ya tukio na ataulizwa kama ni ya kweli. Hapo asikilize kila neno. Ikiwa maelezo yanasema alimsukuma mlinzi na hakumsukuma, aseme hapo hapo, kwa kuwa wizi wenye nguvu ni unyang'anyi, na unyang'anyi una miaka 14. Ikiwa alikuwa amelipa, au hakuchukua kabisa, asikubali eti yaishe: anayekubali anabaki na rekodi, na rekodi itamkuta siku atakapotafuta kazi.

Ikiwa ni kweli alichukua, kukubali mapema kunamsaidia. Hakimu atamuuliza ana nini la kusema kabla ya hukumu, na vijana wengi hujibu "naomba msamaha" wakaketi. Aeleze umri wake, kwamba ni mara ya kwanza (ikiwa ndivyo), nani nyumbani anamtegemea, na kwamba bidhaa zilirudi rafuni. Awe na barua ya chifu. Kisha aombe ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye atakuja hadi nyumbani kwenu na kuuliza majirani. Baada ya ripoti hiyo hakimu anaweza kumwachilia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi kwa miezi 6 hadi miaka 3, au kumpa kazi ya huduma kwa jamii bila malipo. Faini nayo ipo, lakini kwa nyumba isiyo na unga, faini ni jela kwa jina lingine, na jambo hilo litamkwe wazi kortini.

Wewe mjomba unaweza kumwona meneja wa duka kabla ya siku ya kesi. Mlalamishi anaruhusiwa kuomba kuondoa lalamiko chini ya kifungu cha 204 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, na hakimu ndiye anayeamua. Nenda na bei ya bidhaa na maneno ya heshima. Usiende na bahasha kwa askari. Hiyo itazaa kesi ya pili.

SWALI: Nilinunua simu kwa 4,000 barabarani, sasa mwenyewe amejitokeza. Nimeshaipoteza? (Eldoret)

JIBU: Ndiyo, ndugu. Mwizi hana umiliki wa kukuuzia. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu: kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa kunafika miaka 14, zaidi ya wizi wenyewe wa kawaida. "Sababu ya kuamini" husomwa katika bei ya chini kupita kiasi, kukosa risiti na boksi, na muuzaji asiyetaka kutaja jina. Usifute chochote ndani ya simu. Ipeleke kituoni leo, toa namba ya muuzaji na ujumbe wa malipo, uondoke na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Zile 4,000 mdai muuzaji.

SWALI: Mtaani tumemnasa kijana mara ya pili akiiba kuku. Wazee wanasema polisi humwachilia, afadhali tumfunze wenyewe. (Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, Kilifi)

JIBU: Mwenyekiti, sheria inakuruhusu kumkamata, na inakutaka umkabidhi polisi bila kuchelewa. Hapo ndipo mamlaka yako yanapoishia. Atakayempiga anafanya kosa la jinai, na kijana akifa, wote walioshiriki nia hiyo wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, pamoja na aliyeshika kamba tu. Huyo aliyeiba kuku, kwa wizi wenyewe, angekabiliwa na miaka isiyozidi 3, maana kuku hayumo katika orodha ya mifugo ya kifungu cha 278. Mbuzi mmoja angemfikisha 14.

Wezi wa aina hii huachiliwa kwa sababu mlalamishi haendi kuandikisha taarifa, au hafiki kortini siku ya ushahidi. Mwenye kuku aende mwenyewe, apate nambari ya OB, apige picha kuku na mahali alipovunjiwa, achukue majina ya mashahidi wawili, na achangiwe nauli ya kufika kortini kila tarehe itakapotajwa. Na mtu mmoja aende kwa kina kijana huyo leo, akaangalie wanakula nini.